Mtoto “mzito” darasani: yasemwayo na yalivyo

“Ni mvivu tu, akichapwa atasoma.” Naanza na hili kwa sababu limeumiza watoto wengi. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika, anaweza kukusimulia hadithi ndefu kwa ufasaha, kisha ukimpa kitabu akakwama mstari wa kwanza. Anayemtazama hukata shauri kwamba anajitia. Kumbe ubongo wake unapata taabu kuunganisha sauti za maneno na herufi zake. Akili anayo, na macho ni mazima. Hata ile imani kwamba anaona herufi zimepinduka ni dhana potofu juu ya dhana potofu. Kinachomfaa ni kufundishwa sauti na herufi hatua kwa hatua, kwa mpangilio, na kurudia zaidi ya wenzake. Fimbo haijui sauti ya herufi hata moja.

“Huyu anasikia anapotaka.” Mpimeni masikio kwanza (na macho pia, maana hilo nalo husahaulika). Majimaji yakijaa nyuma ya kiwambo cha sikio, usikivu hupungua kwa wiki kadhaa, leo afadhali, kesho vibaya. Mtoto anaitwa haitiki. Anaagizwa hiki, analeta kile. Kwa nje anaonekana mkaidi.

“Akizoea lugha ya alama hatajifunza kuzungumza.” Dhana hii iliwahi kugongwa muhuri na wataalamu wenyewe. Mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan uliazimia wanafunzi wafundishwe kwa kuzungumza, lugha ya alama iwekwe kando. Kwa miongo mingi watoto viziwi wakakatazwa kutumia mikono yao. Azimio hilo lilikuja kukataliwa rasmi, pamoja na kauli ya majuto, katika mkutano wa Vancouver mwaka 2010. Miaka 130! Lugha ya alama ina sarufi yake kamili, na mtoto anayeipata mapema hupata msingi wa kujifunzia lugha nyingine. La kuogopa ni afike umri wa shule hana lugha yoyote.

“Usonji umeletwa na malezi mabaya,” au na chanjo. Vyote viwili si kweli kuhusu hali hii ya ukuaji wa ubongo, inayogusa jinsi mtoto anavyowasiliana na wenzake. Makala ya 1998 iliyoeneza hofu ya chanjo ilifutwa na jarida lililoichapisha, mwaka 2010.

“Kumwongezea muda wa mtihani ni upendeleo.” Mtihani wa historia unapima historia. Asiyeona anayesoma nukta nundu, maandishi ya vitone vinavyopapaswa kwa vidole, huhitaji muda mrefu zaidi kuumaliza ukurasa uleule. Asipoongezewa, mnapima kasi ya vidole. Upendeleo ungekuwa kumpa maswali mepesi, na hilo hakuliomba.

“Wapelekwe kwenye shule zao.” Tamko la Salamanca, la mkutano wa kimataifa wa elimu uliofanyika Hispania mwaka 1994, lililopitishwa na wawakilishi wa serikali 92, lilitaka shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Shule maalumu bado zina kazi yake, hasa kwa viziwi wanaohitaji wenzao wa kuongea nao kwa alama. Ila kumwandikisha mtoto, kumkalisha dawati la nyuma na kuita hiyo elimu jumuishi, kwangu ni kujidanganya. Ujumuishi huonekana kwenye mambo madogo: agizo moja kwa wakati mmoja, limetamkwa na kuandikwa ubaoni, mwalimu ameligeukia darasa ili midomo yake ionekane. Na hapo hata wale wasio na shida yoyote huacha kuulizana, “Amesema tufanye nini?”