Kupima funksheni bila kufungua msimbo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Duka moja la vifaa vya ujenzi huku Kampemba, Lubumbashi, liliniomba programu ndogo ya kaunta. Ndani yake niliweka funksheni (kipande cha programu chenye kazi moja) ya chenji: unaipa bei kwa franka, dola alizotoa mteja na kiwango cha siku, nayo inakwambia umrudishie franka ngapi. Niliipima huku nautazama msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, mstari mmoja wa kuzidisha na mmoja wa kutoa, nikaridhika. Wiki haikwisha, akaja mteja mwenye bidhaa za franka 23,500, akatoa dola 8. Kwa kiwango cha 2,800 hizo ni franka 22,400. Skrini ikaandika -1,100. Dada wa kaunta alikuwa na foleni mbele yake, kile kistari hakukiona. Akahesabu franka 1,100 akampa mtu ambaye ndiye aliyepaswa kuongeza 1,100. Jioni sanduku la pesa likapungua franka 2,200, na aliyeulizwa ni yeye.

Kosa lilikuwa langu. Nilipima nilichoandika, sikupima nilichoahidi. Ndiyo maana dhana zifuatazo siziachi zipite ninapozisikia kwa vijana ninaofanya nao kazi.

"Sanduku jeusi ni la programu nzima, funksheni moja lazima uifungue." Kupima kwa sanduku jeusi ni kupima kitu bila kuona ndani yake. Dhana hii ndiyo inayoenea zaidi, na si kweli. Funksheni moja ina vinavyoingia, ina kinachotoka, na katikati ina ahadi: ukiingiza hiki, kitatoka kile. Ukiwa na ahadi hiyo kwa maandishi unaweza kuipima bila kuona hata mstari mmoja wa ndani. Ugumu uko kwenye hiyo ahadi, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyeiandika.

Baada ya mkasa ule nilirudi dukani, nikaketi na yule dada. Umeme ulikuwa umekatika, tukatumia daftari. Nilimwomba anitajie namna zote ambazo mteja hulipa, na kila moja anieleze chenji anayotarajia. Akaanza: anayetoa pesa kamili, chenji 0. Anayetoa pungufu, "usinipe namba, niambie amebakiza ngapi". Anayelipa nusu dola, nusu franka. Hilo funksheni yangu haikuwa na mahali pa kulipokea kabisa. Kisha akanishika pabaya. Kitu cha dola 2.35 kwa kiwango kilekile ni franka 6,580. Mteja akitoa dola 3, chenji ni 1,820. Sokoni hapa hakuna anayekupa franka 20. Je, ni 1,800 au 1,850? Msimbo wangu ulikuwa na jibu, 1,820, na kwa hesabu lilikuwa sahihi, ila halikuwa na noti ya kulilipa. Nisingeliona kwa kuusoma msimbo hata mara mia, maana kilichokosekana hakikuwemo humo. Mwenye duka akaamua: punguza hadi 50 ya chini. Tukaandika. Kurasa mbili za daftari lile zikawa majaribio yangu, na dada huyo hajawahi kuandika programu maishani mwake.

"Ni kubahatisha tu, unaingiza namba zozote." Hapana, kuna utaratibu. Glenford Myers aliueleza vizuri katika kitabu chake cha 1979 kuhusu kupima programu. Unagawa vinavyoingia katika makundi yanayotarajiwa kutendewa sawa, unachukua mfano mmoja au miwili kila kundi, kisha unaenda kwenye mipaka, kwa sababu kasoro hupenda kukaa mpakani. Kwa chenji yetu: pesa pungufu, pesa kamili, pesa inayozidi. Mpaka uko kwenye 0, kwa hiyo napima mteja aliyepungukiwa franka 1, asiyepungukiwa kitu, na aliyezidisha 1.

Mpaka mwingine hauonekani kwenye ahadi ya biashara ila unatokana na kompyuta. Namba nzima iliyotengewa biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1), moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa, haivuki 2,147,483,647. Inaonekana kubwa mno, lakini kwa franka zetu, kwa kiwango cha 2,800, ni chini kidogo ya dola 767,000. Katika mji unaoishi kwa shaba, ankara ya kiasi hicho haimshangazi mtu. Roketi ya Ariane 5 ilipotea tarehe 4 Juni 1996, sekunde kama 37 tu baada ya kuwashwa, kwa jambo la aina hiyohiyo: namba ilizidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa. Msimbo ulirithiwa kutoka Ariane 4, ambako ulikuwa haujaleta shida. Roketi mpya ilikwenda kwa njia nyingine, ikazaa namba kubwa zaidi. Anayepima kwa kufuata vinavyoingia angeuliza kwanza namba mpya zinafika wapi.

"Aliyeandika msimbo hawezi kuupima hivi, ameshauona." Anaweza, akiandika majaribio kabla ya msimbo. Hapo hakuna cha kuchungulia. Mwanaprogramu Kent Beck amelipigania sana jambo hili, na mimi sasa ndivyo ninavyofanya.

"Usipojua jibu sahihi huwezi kupima." Wakati mwingine inatosha kujua tabia ya jibu. Nina funksheni inayosafisha namba za simu. Watu wa hapa huandika namba ileile kwa kuanza na 0, au +243, au 00243, wengine wakiweka nafasi katikati, wengine vistari. Sihitaji orodha ya majibu ya kila namba. Naidai mambo mawili: maandishi yote ya namba moja yatoe jibu moja, yaani +243 na tarakimu tisa, na nikiipa jibu lake yenyewe, inirudishie lilelile. Kompyuta inaweza kunitengenezea namba elfu na kuzipima zote kwa masharti hayo. Mwaka 2000 Koen Claessen na John Hughes walionyesha njia hii kwa chombo chao QuickCheck, na sasa lugha nyingi zina chombo cha namna hiyo.

"Yakipita yote, hakuna kasoro." Funksheni inayopokea namba mbili za biti 32 ina michanganyiko 18,446,744,073,709,551,616. Ukipima bilioni moja kila sekunde utahitaji zaidi ya miaka 580. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliliandika mwaka 1970: kupima kunaweza kuonyesha kwamba kasoro ipo, hakuwezi kamwe kuonyesha kwamba haipo.

Ndiyo maana pia sikubaliani na wanaosema msimbo usitazamwe kamwe. Mtu akiwa ameficha humo sharti la siku moja tu ya mwaka, kutoka nje huenda usilipate. Mimi hupima kwanza kwa ahadi, kisha nafungua na kuona ni mistari ipi haikuguswa na jaribio lolote. Kila mstari wa namna hiyo naurudisha kwa mwenye kazi na swali: huu ulikuwa wa nini? Pale dukani ulibaki mmoja, wa punguzo la bei niliouweka mwenyewe bila kuombwa. Mwenye duka aliusikiliza, akasema hakuna punguzo. Nikaufuta.