Gari Lililoinuka Si Lazima Liwe Salama Zaidi kwa Familia

Wazazi wengi wa Dar es Salaam wanapochagua kati ya Toyota Crown na Toyota Harrier huamini kwamba Harrier, kwa kuwa imeinuka, ni salama zaidi na hubeba watu wengi zaidi. Sivyo. Magari yote mawili yana nafasi ya watu watano, na Harrier nyingi zinazoagizwa kutoka Japani huendeshwa kwa magurudumu mawili tu, hivyo kwenye tope hazina uwezo ambao umbo lake linaashiria.

Kuhusu usalama, jambo la msingi ni kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika: kadiri kinavyokuwa juu ukilinganisha na upana kati ya magurudumu, ndivyo gari linavyopinduka kwa urahisi dereva anapokwepa kitu ghafla. Fikiria safari ya Desemba kwenda Moshi, viti vimejaa, masanduku yamefungwa kwenye keria, kisha ng'ombe anaingia barabarani. Kila kilo iliyo juu ya paa hupandisha kitovu hicho. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiserereke husaidia sana, nami namsihi kila mnunuzi ahakikishe kwamba upo na unafanya kazi.

Faida ya kuinuka ni halisi kwingineko: chini ya gari hapagusi matuta, na mzazi hainami sana anapomfunga mtoto kitini. Anayeishi mwisho wa barabara ya makorongo ana sababu nzuri ya kuchagua Harrier. Anayesafiri daima kwenye lami, ningemshauri achukue Crown bila wasiwasi.