Kesi inapotelea kwenye peve, si mbele ya zuzi

Nikisema tribinali zetu za Lubumbashi ziko na shida ya luga, watu wananicheka. "Metre, shida gani? Si zuzi mwenyewe anasemaka Kiswahili!" Na ni kweli. Ingia kwenye odiansi siku yoyote, zuzi anauliza kwa Kiswahili, mshitakiwa anajibu kwa Kiswahili, mama wa upande wa pili analia kwa Kiswahili, hata sisi baavoka (mawakili) tukichoka na Kifaransa cha kuvalia joho tunarudi kwenye Kiswahili cha Katuba kama watu wote. Ukisikiliza tu, hakuna shida. Lakini angalia grefye (karani wa tribinali) anaandika nini, angalia dosye mbele ya zuzi imeandikwa kwa luga gani. Kesi ya penali (jinai) kwetu inaamuliwa kwenye karatasi zaidi ya vile watu wanavyofikiri, na karatasi yote ni Kifaransa.

Inaanzia polisi. Chukua kijana wa komini Kenya (ile yetu ya Lubumbashi, si nchi ya Kenya) aliyekamatwa juu ya kupigana kwenye bare. Opeje (polisi wa upelelezi) anamuuliza kwa Kiswahili, kijana anaeleza muda mrefu: nani alianza, nani alikuwa na deni la nani, chupa ilitoka wapi, yeye alisukuma saa gani na kwa nini. Opeje anasikiliza kwa Kiswahili na anaandika kwa Kifaransa, palepale, peke yake, yaani mtu mmoja njo mpelelezi, njo mkalimani, njo mwandishi. Mwishoni ile hadithi yote imebaki mistari michache, na mistari inasema kijana amekubali kumpiga mwenzake. Chupa haimo. Deni halimo. Halafu: "Sinye hapa." Anasinye, juu anataka kutoka kwenye kasho, na juu hata akiambiwa asome hatasoma kitu.

Tangu pale ile karatasi, njo peve (prosè-verbali ya polisi), inasafiri bila yeye. Inafika parke (ofisi ya waendesha mashitaka), magistra anaiweka mbele yake na kuuliza maswali kufuata ile. Inafika kwa zuzi wa kuamua kama abaki ndani ao atoke. Inafika tribinali. Na huyo magistra anaweza kuwa ametumwa juzi kutoka Kinshasa ao Mbandaka, Kiswahili bado hakijamkaa mdomoni, sasa unafikiri ataamini nini, maneno ya kijana anayoshika nusunusu ao karatasi safi yenye sinyatire? Kijana akisema mbele ya zuzi "mi sikusema vile," jibu linakuja haraka: anabadilisha maneno. Hajabadilisha kitu. Hiyo ni mara ya kwanza anasikia kile kilichoandikwa kwa jina lake.

Mara nyingi si ubaya wa moyo, naona niseme hivyo pia. Maopeje wengi wanafanya kazi kwa haraka, dosye nyingi, mshahara kidogo, na hakuna anayelipa mkalimani. Lakini haki ya mtu haiwezi kutegemea kama opeje wa siku ile alikuwa na moyo mzuri na Kifaransa kizuri.

Sheria inasema nini? Inasema vizuri sana, njo kinachoniumiza. Katiba ya 2006, artikle 18, inasema mtu yeyote anayekamatwa lazima aelezwe palepale sababu ya kukamatwa na shitaka lolote, na aelezwe kwa luga anayoielewa. Haisemi Kifaransa, haisemi hata moja ya zile luga nne za taifa, inasema anayoielewa. Artikle ileile inasema garde a vi (kushikiliwa na polisi) haipitishi saa 48. Artikle 19 inakupa haki ya avoka tangu uchunguzi wa polisi, si kusubiri odiansi. Na kode ya prosedire penali ya 1959, ya zamani kushinda wengi wetu, inajua mkalimani anayeitwa kwa kazi na kuapa. Nchi yetu iliingia pia mwaka 1976 kwenye mkataba wa haki za kiraia na kisiasa wa Umoja wa Mataifa, ambao artikle 14 yake inampa mshitakiwa mkalimani bure kama haelewi luga ya tribinali.

Wakubwa wanaoniambia "lakini huyu anajua Kifaransa kidogo, inatosha," nawakumbusha kesi ya Germain Katanga, mkubwa wa milisi, kule La Haye kwenye tribinali ya kimataifa (CPI). (Jina ni Katanga lakini kesi ni ya Ituri.) Yeye aliomba Lingala. Zuzi wa kwanza aliona Kifaransa chake kinatosha. Chambre ya apele (rufaa), Mei 2008, ilisema hapana, zuzi hakupima vizuri: statiti ya Roma, sheria ya ile tribinali, inataka luga ambayo mshitakiwa anaielewa na kuisema kikamilifu, na kama kuna mashaka, afuatwe yule anayeomba. Hicho ni kipimo cha La Haye, kiko juu kushinda cha mkataba wa 1976, najua. Lakini ni Mukongomani aliyekidai akakipata, na huku nyumbani tunamwambia mtu "kidogo inatosha."

Kiswahili chenyewe, tusijidanganye, si cha kila mtu. Mzee wa Kasenga ameishi maisha yake yote kwa Kibemba, mama wa Malemba Nkulu kwa Kiluba, na siku ya kesi mkalimani ni nani? Mtu yeyote aliyekaa kwenye banki ya nyuma. Kwenye kesi za shamba nimekwisha kuona mkalimani ambaye ni ndugu ya upande mmoja. Uliza kwanza: huyu ni nani kwa hawa watu, na ameapa? Kwa kiziwi ni mbaya zaidi, familia njo inatafsiri, hata kama kesi ni ya familia yenyewe.

Sasa sehemu inayokula watu wengi bila kelele: hukumu. Inasomwa kwa Kifaransa, haraka, zuzi anapita kwenye dosye nyingine. Mtu anatoka nje anamuuliza polisi wa mlango: "Banasema nini?" Polisi anasema "banakukata mwaka," basi. Kile ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba kwenye penali, kama ulikuwepo kwenye kesi, siku 10 za kufanya apele zinaanza kuhesabiwa tangu hukumu inaposomwa, si siku utakapoielewa. Familia inatafuta pesa, inatafuta avoka, inafika kwangu, nafungua dosye, siku zimepita. Kwenye sivile (kesi za madai) ni siku 30 tangu kupewa hukumu kwa njia ya isye (mjumbe wa tribinali), kuna hewa kidogo, ila watu wanaweka ile karatasi kwenye sanduku juu hawaisomi.

Tanzania ilibadilisha sheria 2021 na kufanya Kiswahili luga ya mahakama. Watu wananiuliza kama nataka hivyo hapa. Siyo lazima. Luga za taifa ni nne, magistra wanahamishwa kila upande, na tungeweza kubishana miaka ishirini. Mimi nataka vitu viwili vya bei rahisi: kwenye peve, jibu la mtu liandikwe kwanza kama alivyolisema, kwa Kiswahili, na tafsiri ya Kifaransa iwekwe pembeni yake, na siku ya hukumu grefye atoe ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye adhabu, faini na tarehe ya mwisho ya apele. Karatasi na bik, hakuna pesa ya wazungu inayohitajika.

Kusubiri hayo, kabla ya kusinye sema wazi: "Mi sisomi Kifaransa, munisomee kwa Kiswahili." Kama kuna kitu si chako, omba kisahihishwe mbele yako. Wakikataa usisinye, na uombe waandike kwamba umekataa na kwa nini. Siku ya hukumu usiende nyumbani, nenda grefe (ofisi ya grefye) palepale, apele inafanyika kwa tamko kwenye grefe, mtu anaweza kuianzisha hata kabla hajapata avoka. Kama huna pesa, baro (chama cha baavoka) iko na bilo ya konsiltasyo ya bure. Na wewe yaya unayefuata kesi ya ndugu yako, usije na jina lake peke yake: leta namba ya dosye, RMP kama bado iko parke, RP kama imefika tribinali, juu bila ile namba tutamaliza asubuhi yote grefye anafungua marejista.