Je, wajua kwa nini kifundo cha mguu huendelea kupinda hata mfupa uliovunjika ukishaunga?

Plasta imetolewa, eksirei inaonyesha mfupa umeunga, daktari karidhika. Wiki mbili baadaye unashuka kwenye daladala, unakanyaga kokoto moja tu, kifundo kinapinda kwa ndani kana kwamba si chako.

Tuchukue mvunjiko ulio wa kawaida sana: ule wa ukingo wa nje wa mguu, kwenye shina (ncha ya upande wa kisigino) la mfupa unaoelekea kidole kidogo. Mara nyingi hutokea mguu unapopinduka kwa ndani, na kupinduka huko huko huzivuta ligamenti (nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa) za nje ya kifundo, pengine hata kuzichana. Eksirei huonyesha mifupa, ligamenti haionyeshi. Tena hapo palipovunjika ndipo inaposhika kano ya msuli wa pembeni unaourudisha mguu nje ukianza kupinda. Ukikaa kwenye plasta wiki sita, msuli huo hunywea na kuchoka upesi.

Ila ligamenti si kamba tu. Ndani yake mna neva zinazouarifu ubongo mguu umekaaje, bila wewe kuutazama. Mwaka 1965 daktari wa mifupa Mwingereza, M. A. R. Freeman, na wenzake walieleza kwamba neva hizo zikijeruhiwa, kifundo hupoteza uthabiti, na kwamba mazoezi kwenye ubao unaoyumba husaidia. Jipime: simama karibu na ukuta kwa mguu ulioumia peke yake, kisha fumba macho. Halafu linganisha na mguu usioumia. Tofauti yake huwashangaza wengi.

Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia hakupi mazoezi ya nguvu peke yake. Utasukuma mguu kwa nje ukipingana na mpira (kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha), utainua visigino, kisha utasimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, baadaye juu ya mto, mwisho kurukaruka. Yanachosha kwa kurudiwa, na huchukua wiki nyingi.

Kabla ya yote hayo, hakikisha mfupa umeunga kweli. Mbele kidogo ya shina hilo kuna sehemu isiyopata damu ya kutosha, na mvunjiko wake huunga kwa kusuasua. Daktari Robert Jones aliueleza mwaka 1902 baada ya kuumia mwenyewe akicheza dansi. Ukibonyeza hapo na bado panauma, mazoezi ya kuruka yasubiri. Rudi ukapigwe picha.