Kuku wa teriyaki halazwi kwenye sosi usiku kucha

"Mwalimu, jana sikupika teriyaki kwa sababu nilisahau kumlaza kuku kwenye sosi." Wiki hii nimeambiwa hivyo na mwanafunzi wa tatu. Wote watatu walikuwa na kuku, sosi ya soya na sukari jikoni, na wote walikula kitu kingine.

Teriyaki ni neno la Kijapani. Teri ni mng'ao, yaki ni kuchoma au kukaanga. Basi jina lenyewe linataja namna ya kupika: nyama inaiva kwanza, kisha sosi inakaukia juu yake mpaka ing'ae. Mng'ao huo unapatikana dakika za mwisho kwenye kikaango, haupatikani kwenye friji.

Na kumlaza huko kunaharibu. Chumvi ya sosi ya soya huzidi kuingia ndani ya nyama kadiri saa zinavyopita, lakini sukari nyingi hubaki juu juu. Kesho yake una paja lenye chumvi kali na ngozi iliyolowa chapachapa. Ukiliweka motoni, ngozi haiwezi kupata rangi mpaka maji yaishe, na yakiisha tu, sukari inaanza kuungua huku katikati nyama haijaiva. Hapo watu hunilalamikia kuwa teriyaki ni chungu!

Fanya hivi. Chukua mapaja manne yasiyo na mfupa, yenye ngozi, jumla kama gramu 600. Yakaushe kwa karatasi ya jikoni, kisha yakaushe tena. Kwa hatua hii darasani sina msamaha. Ngozi itangulie chini, moto wa wastani, dakika 7 au 8, na usiyaguseguse. Geuza, dakika 4 nyingine. Mwaga mafuta yaliyojichuja, la sivyo sosi itateleza badala ya kushika. Sasa ndipo umimine sosi: vijiko 3 vya mezani vya sosi ya soya, 3 vya mirini (pombe tamu ya mchele ya kupikia), 3 vya sake (pombe ya mchele ya Kijapani) na kimoja cha sukari. Chumvi usiongeze. Mapovu yataanza madogo madogo yenye haraka. Yakishakuwa makubwa na mazito, na kijiko kikiburuzwa kinaacha njia, zima moto na uyageuzegeuze mapaja humo. Nusu saa haijaisha na chakula kiko mezani.

Wengine husema sosi haiwezi kuwa nzito bila wanga wa mahindi. Inaweza. Ipe dakika 3 za kuchemka ikiwa wazi, kwenye kikaango kipana. Wanga huipa uzito wa uji na kuififisha.

Kidari nacho si kosa, ila hukauka upesi. Kipondeponde kiwe na unene mmoja na upunguze dakika. Mimi nitachagua paja siku zote.

Kuhusu mirini na sake, kuna mawili yanayosemwa na yote si kweli. La kwanza, kwamba kilevi chote huruka kikichemka. Kwa dakika hizi chache, sehemu yake hubaki, na asiyetumia kilevi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajala. La pili, kwamba bila vitu hivyo viwili usijisumbue. Weka maji mahali pake, ongeza sukari ifike vijiko viwili na nusu, na tone la siki. Ladha itapungua kina kidogo, lakini mng'ao utaupata, kwa kuwa unatokana na sukari.

Mwisho, tafadhali, acheni kumwosha kuku kwenye sinki. Maji hurusha vijidudu hadi kwenye vyombo na mboga zilizo karibu, na ngozi uliyotaka iwe kavu unailowesha upya. Vijidudu hufa kwa moto: kipimajoto kikichomekwa penye unene kisome nyuzi 74 za Selsiasi.