Shingo baada ya kugongwa kwa nyuma: maneno ya mtaani na ukweli wake

"Si unatembea, umeumia wapi sasa?" Hilo ndo swali la kwanza daladala ikigongwa kwa nyuma, na ndo dhana inayoponza watu wengi. Gari ikipigwa nyuma siti inakusukuma mbele ghafla, kichwa kinabaki nyuma halafu kinarushwa mbele, misuli na kano za shingo zinavutika, ila pale pale damu bado imechemka unajiona mzima unadandia gari nyingine unawahi kazini. Kesho yake unaamka shingo haigeuki, kichwa kinauma kuanzia kisogoni, mabega mazito, wengine kizunguzungu. Maumivu kuchelewa masaa kadhaa au hata siku mbili tatu ni kawaida kabisa kwa jeraha hili, huigizi.

Eti bampa imebonyea kidogo tu kwahiyo huwezi kuumia? Unaweza, hata gari ikiwa mwendo mdogo. Na eksirei kutoka safi haimaanishi huna kitu, eksirei inaonyesha mifupa, msuli uliovutika hauonekani pale. Daktari anatakiwa akushike shingo, akugeuze kichwa, apime nguvu ya mikono, na aandike.

Wengine watakwambia nenda saluni kinyozi akuvunje shingo iachie. Jamani hapana! Shingo iliyotoka kwenye ajali haikamatwi kidevu ikazungushwa mpaka ilie "ka", kama kuna mfupa umepasuka hapo unatafuta kupooza. Ukishapimwa ikaonekana mfupa uko salama, dawa ya maumivu na kuigeuza taratibu kila siku ndo vinasaidia, sio kulala na kola ya shingo wiki nzima. Ganzi au mikono kuishiwa nguvu, au mkojo kutoka bila kujijua, wahi hospitali muda huo huo.

Sasa hela. Hapa ndo roho inaniuma, maana mtu anapewa elfu ishirini "ya dawa" pale barabarani, anasainishwa kikaratasi kwamba hana madai tena, na shingo haijaanza hata kuuma. Usisaini ndugu yangu. Piga picha namba za magari yote mawili, chukua namba ya shahidi, nenda polisi wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, uende nayo hospitali ijazwe, na hata kama maumivu yameanza kesho yake bado rudi polisi ukaombe. Risiti zote tunza, za dawa, za bodaboda ya kwenda kliniki, na barua ya siku ulizokosa kazini.

Watu wanadhani dereva akipigwa faini mahakamani wao wameshalipwa. Faini ni ya serikali. Fidia yako ni dai lingine, na kwa Tanzania kila gari barabarani linatakiwa liwe na bima ya mtu wa tatu, ambayo kazi yake ni kumlipa huyo aliyeumizwa, kwahiyo usiogope eti unamfilisi dereva maskini. Kama gari lina bima hai au la unaangalia kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mtandaoni. Nakala ya hukumu ya ile kesi ya trafiki iombe, kampuni ya bima wataitaka.

Na kesi ya madai kama haya ina ukomo, miaka 3 tangu ajali. Kampuni ikikuzungusha njoo kesho njoo kesho, peleka malalamiko TIRA au tafuta wakili mapema, kabla muda haujaisha.