Hukumu ya kifo ya jimbo mbele ya mahakama ya shirikisho Marekani: muda unavyohesabiwa

Nchini Marekani, karibu wafungwa wote wanaosubiri kuuawa walihukumiwa na mahakama za majimbo. Njia za jimboni zikiisha, hubaki ombi la habeas corpus, yaani la kupinga uhalali wa kushikiliwa kwake mfungwa, katika mahakama ya wilaya ya shirikisho. Wengi huliona kama rufaa nyingine, na sivyo. Jaji haanzi kesi upya. Anaangalia tu kama Katiba ya Marekani au sheria ya shirikisho ilivunjwa. Tena, kwa sheria ya mwaka 1996, hoja iliyokwisha kuamuliwa jimboni haitengui hukumu kwa sababu tu jaji anaona uamuzi ule si sahihi. Lazima uwe umekosea kiasi kwamba hakuna jaji makini angeweza kuutetea. Na hoja ambayo haikutolewa jimboni, kwa kawaida haisikilizwi kabisa.

Hata hivyo, kuna maombi yanayokufa kabla hoja hazijasomwa, kwa sababu ya muda. Mfungwa ana mwaka 1. Kwa kawaida unaanza pale Mahakama ya Juu ya Marekani inapokataa kusikiliza rufaa yake, au siku 90 za kuiomba zinapopita bila ombi. Akifungua jimboni ombi la hukumu yake kuangaliwa tena baada ya rufaa, kwa kufuata taratibu, hesabu inasimama. Inasimama tu, hairudi sifuri: wakili aliyetumia siku 300 kabla ya kufungua atabakiwa na 65 jimbo likishaamua. Nazo hazimsubiri aende tena Mahakama ya Juu kulalamikia uamuzi huo. Hapo ndipo mawakili hupotea hesabu.

Albert Holland, aliyehukumiwa kifo Florida, alibakiwa na siku 12. Alimwandikia wakili wake barua mara kwa mara akimsihi asipitwe na tarehe, akaomba mahakama impe wakili mwingine, ikakataa. Januari 2006, akiwa maktaba ya gereza, aligundua kwamba kesi yake ya jimboni ilikwisha wiki kadhaa nyuma na siku zake zimepita. Kesho yake akaandika ombi kwa mkono wake. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba muda unaweza kuongezwa, ila mfungwa aonyeshe amefuatilia kwa bidii na amezuiwa na jambo lisilo la kawaida. Wakili kukosea kuhesabu siku, ilisema, ni uzembe wa kawaida, hautoshi.